Namna ya Kuiandaa Klabu ya Kikapu kwa Msimu Wake wa Kwanza katika Ligi ya Afrika

Klabu inayotwaa ubingwa wa nchi yake, kisha ikapenya katika mchujo wa Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika ambayo wengi huiita BAL, hupata wiki chache za shangwe, na baada ya hapo hujikuta mbele ya kazi ambayo haijapata kuifanya. Mwongozo huu unawahusu viongozi wa klabu ya namna hiyo: mwenyekiti, katibu, meneja wa timu, na kocha mkuu ambaye katika klabu zetu nyingi hubebeshwa pia nusu ya majukumu ya hao wengine. Mifano nimeichukua katika BAL kwa sababu ni ligi changa, iliyoanzishwa kwa ubia wa NBA, ligi ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na kwa sababu tangu ichezwe kwa mara ya kwanza mjini Kigali mwaka 2021, klabu za Uganda, Burundi, Kenya, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimewahi kuwa wageni ndani yake, kila moja kwa wakati wake.

Msimamo unaoongoza maelekezo yote yanayofuata ni kwamba klabu ngeni hupimwa kwanza katika ofisi yake, na uwanjani baadaye. Timu dhaifu yenye ofisi imara itafungwa michezo kadhaa na kurudi nyumbani na heshima yake. Timu nzuri yenye ofisi legelege inaweza kufika mashindanoni na isiruhusiwe kucheza kabisa, jambo ambalo limekwisha kutokea na ambalo nitalieleza kwa urefu.

Anzeni na kanuni za mwaka huu

Ligi changa hubadilisha mfumo wake mara kwa mara, kwa hiyo klabu inayojipanga kwa kukumbuka msimu uliopita hujipanga kwa mashindano ambayo hayapo tena. Mwaka 2021 timu 12 ziligawanywa katika makundi matatu ya timu nne nne, zote zikakusanywa Kigali, na kila timu ikapewa michezo mitatu tu ya kujitetea kabla ya robo fainali. Ligi nzima ilikuwa na michezo 26, iliyoanza tarehe 16 Mei na kumalizika tarehe 30. Mwaka uliofuata timu 12 ziliwekwa katika kanda mbili, ya Sahara iliyochezewa Dakar na ya Nile iliyochezewa Cairo, na kila timu ikacheza michezo mitano. Mwaka 2024 ikaongezwa kanda ya tatu, ya Kalahari, mjini Pretoria, na kila kanda ikabaki na timu nne zinazokutana mara mbili, yaani michezo sita kwa kila timu. Mwaka 2025 mfumo ulibaki vilevile lakini miji ikahama: Kalahari ilichezewa Rabat, Nile ikaenda Kigali, Sahara ikasalia Dakar, na hatua ya mwisho ikapelekwa Pretoria.

Athari ya mabadiliko hayo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Katika mfumo wa michezo mitatu, kupoteza mchezo wa kwanza ni karibu sawa na kuaga mashindano, kwa hiyo kocha hulazimika kufika akiwa na kikosi kilichokwisha kuiva. Katika mfumo wa michezo sita, ambamo mnarudiana na kila mpinzani siku chache baada ya kukutana naye, timu inayojifunza haraka hupata nafasi ya kusahihisha makosa yake, na kazi ya kuchambua picha za mchezo usiku wa manane huwa na thamani sawa na mazoezi ya asubuhi. Kwa sababu hiyo, mara tu klabu inapothibitishiwa nafasi, ateuliwe mtu mmoja, asiye kocha, ambaye atasoma kitabu cha kanuni ukurasa kwa ukurasa na kutengeneza jedwali la tarehe zote za mwisho: orodha ya awali ya wachezaji, orodha ya mwisho, vibali vya uhamisho, vipimo vya afya, picha rasmi, jezi, viza na malipo. Jedwali hilo lipangwe kwa kurudi nyuma kuanzia siku ya mchezo wa kwanza. Pale ambapo kanuni hazieleweki, swali liandikwe kwa barua pepe na jibu lihifadhiwe, kwa maana ahadi ya mdomo iliyotolewa kwenye korido ya hoteli haitakusaidia mbele ya kamati.

Jambo moja la kuulizwa mapema sana ni nani analipa nini. Tiketi za ndege za watu wangapi, vyumba vingapi, mizigo ya ziada, basi la mazoezi, na bima ya mchezaji akiumia: kila kipengele kipatiwe jibu la maandishi kabla bajeti haijapelekwa kwa wafadhili. Kumbukeni pia kwamba katika mfumo wa kanda klabu yenu huenda isicheze hata mchezo mmoja nyumbani, kwa hiyo mapato ya mlangoni yasiingizwe kabisa katika hesabu.

Kikosi: hesabu ya dakika 200

Viongozi wengi wa klabu ngeni hufikiri kwanza juu ya wachezaji wa kigeni, na si vigumu kuelewa sababu. Naomba waanze kwa hesabu. Kanuni za msimu wa 2021 ziliruhusu klabu kuwa na wachezaji 13, angalau tisa wakiwa raia wa nchi ya klabu, na wasiozidi wanne kutoka nchi nyingine, ambao kati yao wasiozidi wawili waliweza kutoka nje ya Afrika. Mchezo wa FIBA una dakika 40 na wachezaji watano uwanjani, yaani dakika 200 za kugawana. Hata mkiwapa wageni wenu wanne dakika 30 kila mmoja, ambazo ni nyingi kwa mtu anayecheza michezo sita ndani ya siku tisa, watakuwa wametumia dakika 120. Dakika 80 zinazobaki, ambazo ni sehemu mbili kati ya tano za mchezo mzima, zitachezwa na raia, na mpinzani mwerevu atazitafuta dakika hizo ili awaumize.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwa wazawa. Mchezaji wa sita hadi wa tisa katika ligi ya nyumbani mara nyingi ni mtu mwenye ajira nyingine, anayefika mazoezini saa moja jioni akiwa amechoka, na ambaye mwajiri wake hajui kwamba mwezi wa Machi au Mei atahitajika nje ya nchi kwa wiki mbili. Klabu ikimlipa mshahara wa miezi minne unaomwezesha kufanya mazoezi mara mbili kwa siku, au angalau ikimwombea ruhusa kwa mwajiri kwa barua rasmi na mapema, itakuwa imenunua dakika 80 bora kwa gharama ndogo kuliko ile ya mgeni mmoja wa tano ambaye kanuni hizo za 2021 hazikumruhusu.

Katika kuchagua wageni, ningeanza na mlinzi, yaani mchezaji anayeongoza mpira (guard), anayeweza kuupandisha mbele ya ulinzi mkali wa uwanja mzima. Klabu nyingi zilizotoka katika ligi za nyumbani zenye kasi ya wastani hukumbana kwanza na tatizo hilo: hazifiki hata kwenye mfumo wao wa ushambuliaji, kwa kuwa mpira unaporwa kabla ya mstari wa kati. Mchezaji bora wa msimu wa kwanza wa BAL alikuwa Walter Hodge wa Zamalek, mlinzi, na wa msimu wa pili alikuwa Michael Dixon wa US Monastir, mlinzi pia; klabu zote mbili zilitwaa ubingwa katika miaka hiyo. Mgeni wa pili awe mtu mrefu wa kulinda kikapu na kuvuna mipira inayorudi, na wawili waliobaki wachaguliwe kwa kuangalia pengo halisi la kikosi, bila kujali nani ana video ya kuvutia zaidi.

Jina kubwa ni suala tofauti, na linapaswa kuamuliwa kwa macho makavu. Patriots ya Kigali ilimsajili mwaka 2021 mwanamuziki wa Marekani J. Cole, ambaye alicheza michezo mitatu, akafunga pointi tano kwa jumla, na akaondoka kabla mashindano hayajaisha. Kwa upande wa kutangaza ligi mpya duniani, hakuna tangazo ambalo lingeweza kufanya zaidi ya hapo. Kwa upande wa kikosi, Patriots iliendelea kwa nguvu za wachezaji wake wengine hadi nusu fainali na kumaliza ya nne. Klabu inayotaka usajili wa namna hiyo iuhesabu katika bajeti ya matangazo na imwachie kocha uhuru kamili wa dakika. Na kwa kila mgeni, awe nyota au la, swali la kwanza kwa wakala wake liwe hili: mteja wako yuko huru hadi siku ya fainali?

Usiidharau pia nafasi ya kijana. Tangu mwaka 2022 ligi imekuwa na mpango wa kuziazima klabu vijana kutoka Akademia ya NBA Afrika iliyoko Saly, Senegal. Khaman Maluach, aliyezaliwa Sudan Kusini na kukulia Uganda, aliingia BAL kwa njia hiyo akiwa na miaka 15, akichezea Cobra Sport, kisha AS Douanes na City Oilers, na mwaka 2025 alichaguliwa wa kumi katika drafti ya NBA, zoezi ambalo klabu za ligi hiyo huchagua wachezaji chipukizi. Si kila kijana atakuwa Maluach, lakini kocha anayemweka kijana wa mita mbili na ushei mwishoni mwa benchi kwa sababu hakumlea yeye mwenyewe anajinyima dakika za bure.

Kuna jambo la kibinadamu ambalo vitabu vya kanuni havilitaji. Kati ya mchujo, ambao humalizika karibu na mwisho wa mwaka, na ligi yenyewe kuna miezi kadhaa, na katika miezi hiyo baadhi ya wachezaji walioipatia klabu tiketi huachwa ili kupisha walio bora zaidi. Waambiwe mapema, ana kwa ana, na kocha mwenyewe, na walipwe bakshishi yao ya kufuzu bila kuzungushwa. Wachezaji wanaobaki hutazama jinsi wenzao wanavyoagwa.

Mikataba na vibali

Mchezaji anayetoka katika nchi nyingine hawezi kusajiliwa bila kibali cha uhamisho kinachotolewa na shirikisho la nchi aliyocheza mara ya mwisho, kupitia mfumo wa FIBA. Shirikisho la nchi hiyo linaweza kuchelewa kujibu, ama klabu yake ya zamani ikadai kuwa mkataba bado uko hai, na siku zikayoyoma. Ombi lipelekwe siku ileile mkataba unapotiwa saini, na lifuatiliwe kila asubuhi na katibu wa shirikisho lenu la taifa, ambaye urafiki naye unapaswa kujengwa kabla hamjawa na shida.

Mkataba wenyewe uandikwe na mwanasheria anayejua michezo, na uwe na vipengele vitatu ambavyo klabu ngeni huvisahau. Cha kwanza ni kuahirishwa kwa ligi. BAL ilipangwa kuanza Dakar tarehe 13 Machi 2020, ikasimamishwa na janga la korona, na mchezo wa kwanza ukachezwa miezi 14 baadaye katika mji mwingine; klabu iliyokuwa imeahidi mshahara bila kutaja tarehe za ligi ilijikuta na deni lisilo na mchezo. Cha pili ni jeraha: nani anatibu, wapi, na mshahara unaendelea hadi lini. Cha tatu ni mahali pa kusuluhishia mgogoro. Mikataba mingi ya kimataifa ya kikapu huelekeza migogoro kwenye Baraza la Usuluhishi la Kikapu, BAT, lenye makao yake Geneva, na klabu ikishindwa kesi kisha isilipe, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya. Tarehe za mishahara zilizomo mkatabani ziandikwe kwa kuzingatia lini fedha za wafadhili huingia kwa kweli, si lini mmeahidiwa kwamba zitaingia. Mgeni ambaye hajalipwa hucheza vibaya, na mzawa ambaye hajalipwa hucheza vibaya huku mtaa mzima ukijua sababu.

Jezi

Sehemu hii ningeweza kuiandika kwa sentensi moja, lakini kisa cha Dynamo ya Bujumbura kinastahili kusomwa na kila klabu inayoingia katika ligi yenye wadhamini wake yenyewe.

Dynamo ilikuwa klabu ya kwanza ya Burundi kufika BAL. Machi 2024 ilikwenda Pretoria kwa michezo ya kanda ya Kalahari, katika kipindi ambacho uhusiano wa Burundi na Rwanda ulikuwa umechafuka na Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake miezi miwili kabla. Jezi za ligi zilikuwa na nembo ya “Visit Rwanda”, mdhamini wa ligi nzima na si wa klabu moja. Dynamo ilicheza mchezo wake wa kwanza ikiwa imeifunika nembo hiyo, na ikashinda dhidi ya Cape Town Tigers, wenyeji. Baada ya hapo ligi ilishikilia kanuni zake za mavazi, Dynamo ikakataa kuvaa nembo, haikucheza na FUS Rabat, haikucheza na Petro de Luanda, na ikaondolewa mashindanoni. Wachezaji walioshinda mchezo wao wa kwanza wa kihistoria walirudi nyumbani bila kupoteza hata mmoja kwa kuzidiwa uwezo.

Sina nia ya kupima hapa nani alikuwa na haki katika siasa za nchi mbili jirani. Ninachotaka viongozi wakione ni kwamba swali hilo lilikuwa na jibu miezi kadhaa kabla, katika kanuni za mavazi na udhamini, na kwamba wachezaji hawakupaswa kuwa wa mwisho kulijua. Klabu inapopokea mchoro wa jezi, iupeleke kwa maandishi kwa shirikisho la taifa na, panapokuwa na jambo la kiserikali, kwa wizara yenye dhamana ya michezo, ikiomba idhini iliyotiwa saini. Ikiwa idhini haipatikani, mazungumzo na ligi yaanze wakati huo, ambapo bado kuna nafasi ya kutafuta suluhu au ya kujiondoa bila kuvunja ratiba. Ukaguzi uleule ufanywe kwa wafadhili wa klabu: kampuni ya michezo ya kubahatisha au ya vinywaji inayokubalika nyumbani huenda ikagombana na mdhamini wa ligi au na sheria za nchi mwenyeji, na mfadhili aliyeahidiwa kifua cha jezi atadai fedha zake akikiona kifua kimekaliwa na mwingine.

Ifahamike pia kwamba kutocheza kuna adhabu kubwa kuliko kufungwa. Katika kanuni za FIBA, mshindi hupata pointi mbili za msimamo na aliyeshindwa hupata moja. Asiyetokea uwanjani huandikiwa kufungwa 20 kwa 0 na hapati hata hiyo moja.

Mazoezi ya kujiandaa kwa siku tisa

Ligi ya nyumbani humzoesha mchezaji kucheza mwishoni mwa wiki na kupumzika siku tano. Kanda ya BAL ya mwaka 2025 iliyochezewa Kigali ilianza tarehe 17 Mei na kumalizika tarehe 25, na kila timu ilikuwa na michezo sita ndani yake, mingine kwa siku mbili mfululizo. Mwili hauwezi kufundishwa hali hiyo kwa kukimbia ufukweni. Katika wiki sita za mwisho, kocha aandae angalau mara mbili kambi ndogo inayofanana na ratiba yenyewe: michezo ya kirafiki Jumamosi na Jumapili, mapumziko Jumatatu, mchezo Jumanne, na kadhalika, akitumia timu ya jeshi, ya chuo kikuu, au klabu ya nchi jirani. Hapo ndipo atakapoona nani magoti yake humwuma siku ya pili na nani hawezi kukumbuka mpango wa mchezo uliobadilishwa jana usiku.

Wachezaji waliotoka Marekani wafundishwe upya baadhi ya kanuni za FIBA, hata kama wataapa kwamba wanazijua. Faulo ya tano humtoa mchezaji, wakati wao wengi walikulia wakitazama NBA inayohesabu sita. Mapumziko mafupi huombwa na kocha kwenye meza, si na mchezaji aliyebanwa kwenye kona, na kuna mawili tu katika kipindi cha kwanza na matatu katika cha pili. Mpira ukishagusa pete ya kikapu, beki anaruhusiwa kuupiga, na mshambuliaji anaruhusiwa kuusukuma ndani. Mtu mrefu asiyelijua hilo hupoteza pointi nne kila usiku kwa kusimama akitazama. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, karibu zaidi kuliko ule wa NBA wa mita 7.24, na mlinzi wa ndani anaweza kukaa eneo la rangi, lile lililo mbele ya kikapu, bila kuhesabiwa sekunde tatu za ulinzi kama katika NBA, kwa hiyo njia za kupenya hufungwa mapema.

Nunueni mipira ya aina ileile itakayotumika. BAL ilianza na mpira wa Wilson, ilhali katika kumbi zetu nyingi hutumika Molten, na tofauti ya ngozi na mifereji huonekana hasa kwenye mitupo huru na mitupo ya mbali. Mipira 12 mipya haigharimu sana ikilinganishwa na tiketi moja ya ndege.

Mwinuko wa mji uzingatiwe. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Pretoria zaidi ya mita 1,300, na timu itokayo Dar es Salaam, Mombasa au Maputo itahisi pumzi ikikata katika siku za kwanza. Ikiwezekana, ifike siku kadhaa kabla, au ipige kambi Arusha, Iringa au Nairobi. Timu ya Nairobi inayokwenda Dakar haina shida hiyo, ina shida ya joto na unyevu.

Na kama tarehe zitaangukia Ramadhani, kama ilivyokuwa Pretoria mwaka 2024 ambapo mfungo ulianza wakati michezo ya kanda ikiendelea, mpango wa chakula uandaliwe pamoja na daktari na wachezaji wanaofunga. Muulizeni kila mmoja kwa faragha kama atafunga siku ya mchezo au atatumia ruhusa ya msafiri na kulipa baadaye, wala asishinikizwe na yeyote. Hoteli ijulishwe kwamba futari na daku vitahitajika kwa saa kamili, kwa sababu jikoni la hoteli kubwa huwa limefungwa saa kumi usiku.

Safari, dawa na lugha

Pasipoti zote ziwe na uhai wa zaidi ya miezi sita, kadi za chanjo ya homa ya manjano zikusanywe na meneja, na nakala za viza zihifadhiwe na watu wawili. Dawa ni hatari zaidi ya inavyodhaniwa. Katika mfumo wa kupambana na dawa zilizopigwa marufuku, mchezaji huwajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama alinunua dawa ya mafua kwa nia njema katika duka la jirani. Anayetumia dawa ya pumu au sindano ya kutuliza maumivu apate kibali cha matibabu kabla ya safari, na virutubisho vya unga vinavyouzwa mitandaoni vipigwe marufuku kambini. Kuhusu lugha, kocha mgeni, mtaalamu wa viungo na wachezaji wazawa wakubaliane maneno machache ya kuitana uwanjani, kwa lugha moja, na wayatumie tangu siku ya kwanza ya mazoezi.

Ndani ya mashindano

Kabla ya mchezo wa kwanza, benchi la ufundi liamue michezo ipi inaweza kushindika na ipi ni ya kugawana nguvu. Kuna wakati mwenyeji anayeshangiliwa na ukumbi mzima, kama APR ilivyokuwa Kigali mwaka 2025 katika kanda moja na Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kufika BAL, si mpinzani wa kumaliziwa nguvu zote wakati kesho kuna mchezo mwingine unaoweza kushindika. Hata hivyo, usitupe kabisa mchezo unaopotea. Timu zikilingana, FIBA huangalia kwanza matokeo kati ya timu hizo, kisha tofauti ya pointi katika michezo hiyohiyo, kwa hiyo kufungwa kwa pointi sita badala ya 25 kunaweza kuamua nani anaingia hatua ya mtoano wiki moja baadaye. Mchezaji wa kumi na moja anayeingizwa dakika nne za mwisho aelezwe kwamba anacheza kulinda hesabu hiyo.

Hatua ya mtoano ina mantiki yake. Mwaka 2022 REG ya Rwanda iliongoza kanda ya Sahara, ikacheza robo fainali mbele ya mashabiki wake Kigali, na ikatolewa na FAP ya Kamerun iliyokuwa imemaliza katikati ya kanda nyingine. Klabu ngeni iliyofika hapo ikiwa ya mwisho katika orodha ya waliofuzu iende na mpango mmoja wa ulinzi ambao haikuuonyesha katika kanda, na iutumie wote katika mchezo huo mmoja.

Baada ya kurudi

Ripoti iandikwe ndani ya wiki mbili, kabla kumbukumbu hazijageuka kuwa visingizio. Iwe na dakika za kila mchezaji, mipira iliyopotezwa kwa kila robo, gharama halisi mbele ya bajeti, na orodha ya barua ambazo zilichelewa na sababu za kuchelewa. Wafadhili wapewe nakala hata kama matokeo hayakupendeza. US Monastir ilifungwa na Zamalek 76 kwa 63 katika fainali ya kwanza kabisa na ikarudi kutwaa ubingwa mwaka uliofuata. Petro de Luanda ilikuwa ya tatu mwaka 2021, ya pili mwaka 2022, na bingwa mwaka 2024. Klabu hizo ziliweza kulinganisha msimu mmoja na mwingine kwa sababu zilirudi, na kurudi ndiko kugumu kwa klabu nyingi za ukanda wetu, ambazo hulazimika kutwaa tena ubingwa wa nyumbani na kupita tena katika mchujo.

Kwa hiyo kipaumbele cha wiki ya kwanza baada ya safari kiwe ligi ya nyumbani, ambayo huenda iliendelea bila ninyi au ikawasubiri mkiwa na michezo ya viporo mfululizo. Wachezaji waliotumia dakika nyingi wapumzishwe siku kumi, vijana wabebe michezo ya viporo, na mikataba ya wazawa tisa muhimu irefushwe kabla mawakala hawajawafikia. Mchujo wa msimu unaofuata kwa kawaida huanza Oktoba, na orodha ya wachezaji hutakiwa mapema kuliko hapo.